Upanga ni wako, ukali wake ni wa nani?

Mwaka 2012 kampuni ya Blizzard ilifungua ndani ya gemu yake ya Diablo III soko la mnada ambako wachezaji waliuziana silaha kwa pesa halisi. Kampuni ilikata dola 1 kwa kila silaha iliyouzwa, na asilimia 15 kwa aliyetaka kuzitoa pesa zake nje. Tarehe 18 Machi 2014 soko likafungwa. Kampuni yenyewe ilieleza kwamba soko lilidhoofisha kiini cha gemu, yaani kuua mashetani ili upate zana. Nani akeshe akiwinda upinde unaopatikana kwa mbofyo mmoja?

Watetezi wa sarafu za kidijitali, wanaotaka vitu vya gemu visajiliwe nje ya mikono ya kampuni, wanausoma mkasa huu kinyume. Kwao kosa ni soko kuwa mikononi mwa kampuni moja. Na hoja wanayo. Katika gemu nyingi pesa huingia na haitoki: salio la Steam, duka la gemu la kampuni ya Valve, halihamishiki kwenda benki, na masharti ya matumizi yanampa mchezaji leseni tu, si mali. Akaunti ikifungiwa, ghala zima limekwenda. Vitalik Buterin, mmoja wa waasisi wa mtandao wa sarafu wa Ethereum, amewahi kusimulia kwamba alianza kuuona ubaya wa mamlaka ya kati pale Blizzard ilipopunguza makali ya uchawi wa mhusika wake katika gemu ya World of Warcraft.

Ukiuchunguza mfano huo, unawageuka wanaoutumia. Blokucheni, yaani mnyororo wa kumbukumbu unaotunzwa na kompyuta nyingi bila mwenye mamlaka mmoja, isingeuokoa uchawi ule. Seva ya gemu ya risasi kama Counter-Strike 2 hukokotoa hali ya uwanja mara 64 kwa sekunde. Ethereum hutoa bloku moja, yaani fungu la kumbukumbu mpya, kila sekunde 12. Pigo, kinga na njia ya risasi haviwezi kuhesabiwa kwa mwendo huo. Kinachoandikwa kwenye mnyororo ni taarifa fupi: tokeni (hati ya kidijitali ya umiliki) namba fulani ni ya pochi (akaunti ya mtumiaji) fulani. Picha ya upanga mara nyingi imehifadhiwa kwingine, na ukali wake uko kwenye seva ya studio, ambako 90 hugeuzwa 60 kwa kuhariri mstari mmoja. Umiliki hauguswi hata kidogo. Inayoondoka ni sababu ya kuutaka upanga.

Kampuni ya gemu ya Ubisoft ilituonyesha hilo waziwazi. Desemba 2021 ilileta kwenye gemu yake ya Ghost Recon Breakpoint kofia, suruali na bunduki zenye namba za pekee, zikisajiliwa kwenye mnyororo wa Tezos. Aprili 2022 ikatangaza kwamba gemu hiyo haitaongezewa kitu kipya. Usajili ulibaki salama, juu ya vifaa vya gemu iliyoachwa.

Aristotle alisema kiatu kina matumizi mawili, kuvaliwa na kubadilishwa kwa kitu kingine, na kwamba hilo la pili silo kiatu kilichoundiwa. Upanga wa gemu una hayo yote mawili, na nyongeza: ugumu wa kuupata ni sehemu ya utamu wake. Mwanafalsafa Bernard Suits alieleza kucheza kuwa ni kuvuka kwa hiari vikwazo visivyo vya lazima. Tendo likianza kulipa, kikwazo kinageuka gharama, na mwenye akili hupunguza gharama: ananunua, anaajiri wa kumchezea, au anawasha boti, yaani programu ya kumchezea. Programu ya kulenga shabaha kwa niaba yako, ambayo kwa kawaida ni uhuni, inakuwa mtaji.

Mtu atauliza: mbona mwanasoka hulipwa na soka haijafa? Swali zuri, na wapinzani wa sarafu hizi hulikwepa. Tofauti iko kwenye chanzo cha pesa. Mshahara wa mwanasoka unatoka kwa watazamaji na wadhamini, na bao halitoi sarafu mpya. Katika gemu za kucheza ili ulipwe, sarafu inazalishwa na kucheza kwenyewe, kwa hiyo lazima awepo wa kuinunua na mahali pa kuiteketeza, yaani kuitumia hadi itoke kwenye mzunguko. Axie Infinity ni gemu ya kadi na zamu, si ya mapigano ya kasi, lakini hesabu ni zilezile. Mshindi alipata sarafu ya SLP, na matumizi makuu ya SLP yalikuwa kuzalisha Axie, viumbe wa kuchezea, wa kuwauzia wageni, kwa kuwa kila anayeanza alihitaji watatu. Wageni walipopungua, uteketezaji ulipungua, ila utoaji haukukoma. Sarafu iliyovuka senti 30 za Marekani katikati ya 2021 ilikuwa karibu na senti 1 mwanzoni mwa 2022. Machi mwaka huo wezi walipata funguo 5 kati ya 9 za daraja la Ronin, mfumo wa kuhamishia sarafu kuingia na kutoka kwenye mnyororo wa Axie, wakachota zaidi ya dola milioni 600, na siku sita zikapita bila kugundulika.

Hata hivyo upande wa pili, wa kampuni zinazomiliki soko lao, hauna usafi wa kujivunia. Oktoba 2025 Valve iliruhusu skini (mapambo ya silaha) tano za daraja la juu katika Counter-Strike zibadilishwe kuwa kisu au glavu, na bei za visu zikaporomoka. Hakuna mchezaji aliyeulizwa. Hapa ndipo mnyororo ungekuwa na faida ya kweli: mkataba, yaani programu inayotoa na kutunza tokeni kwenye mnyororo, wenye kikomo cha idadi, usio na mtu mwenye mamlaka ya kuongeza, haubadilishwi na sasisho. Kwa hiyo naona tokeni zinafaa kwa mapambo, ambayo hayaamui nani afe kwanza uwanjani. Nguvu za silaha zibaki nje ya soko lolote, liwe la kampuni au la mnyororo.

Anayetaka kununua mapambo hayo aanze kwa kuusoma mkataba kwenye kitafuta-miamala, tovuti inayoonyesha yaliyoandikwa kwenye mnyororo: nani ana haki ya kutoa tokeni mpya, na je, mkataba unaweza kubadilishwa? Kisha afungue pochi ya pekee kwa ajili ya gemu, yenye kiasi kidogo cha sarafu ya mnyororo huo kwa ada za miamala, na maneno yake 12 au 24 ya kuirejesha pochi ikipotea ayaandike kwenye karatasi. Wizi mwingi hauhitaji kuyajua maneno hayo. Tovuti bandia humwomba mchezaji asaini ruhusa ya kuhamisha vitu vyake vyote, naye anabofya akidhani anaingia tu kwenye gemu. Ruhusa hiyo hubaki hai hata akitoka kwenye tovuti, hadi aifute kwa muamala mwingine wenye ada yake.