Mikono Nyuma ya Mgongo

Jumanne iliyopita nilikwenda shuleni kwa mwanangu hapa Tampere, Finland, siku ambayo wazazi wanaruhusiwa kukaa nyuma ya darasa na kutazama. Mwalimu wake ni mama mtu mzima, nywele zimeshakuwa nyeupe. Akawasha projekta, picha ikagoma. Hakufadhaika wala hakumfokea mtu. Alimtuma mtoto darasa la jirani, akaja mwalimu mwenzake, kijana. Nilidhani kijana atakaa kwenye kompyuta amalize kazi. Hakukaa. Alisimama pembeni ya yule mama, mikono ameifunga nyuma ya mgongo, akawa anamwelekeza kwa mdomo tu: bonyeza pale, sasa pale. Dakika nne hivi. Picha ikatokea, watoto wakapiga makofi, kipindi kikaendelea.

Ile mikono imeninyima usingizi.

Mimi nimesomea ualimu Tanzania. Kuanzia 2005 serikali yetu, kwa msaada wa Sweden, ilipeleka kompyuta kwenye vyuo vya ualimu, na chuo changu kilipata zake. Zilikaa kwenye chumba chenye grili, zimefunikwa vitambaa vilivyoshonwa kwa kipimo. Mkufunzi alichora kompyuta ubaoni, nasi tukanakili: kibodi, kipanya, monita. Nikafaulu. Kipanya chenyewe nilikuja kukishika kwa mara ya kwanza kwenye intaneti kafe pale Kigoma mjini, kwa hela yangu.

Najua mtakachosema. "Kashafika kwa Wazungu, sasa kwao kunanuka." Ndugu zangu wa Kigoma, mwisho wa reli, nisikilizeni kwanza. Sizungumzii majengo. Sizungumzii umeme, hilo tunalijua wote tuliokulia kwenye jenereta. Wala watu hawa hawaabudu vifaa; sheria iliyoanza Agosti 2025 imebana simu za wanafunzi wakati wa vipindi. Nazungumzia jambo moja tu: mwalimu anafundishwa akiwa darasani kwake, kifaa kiko mkononi mwake mwenyewe, na anayemfundisha ni mwenzake wanayekunywa naye chai. Finland walianza kuwatumia walimu wa namna hiyo mashuleni mwaka 2016, mtaala mpya ulipoingia.

Dada yangu anafundisha shule ya msingi wilayani Kasulu. Baada ya sensa ya 2022 vishikwambi vya makarani viligawiwa kwa walimu, naye akapata. Nilifurahi kuliko yeye. Mafunzo? Siku moja, ukumbi mmoja, walimu wa kata nzima, mwezeshaji anasoma slaidi. Dada alipokwama kuingia kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu, mwezeshaji alikichukua kishikwambi, akabonyeza harakaharaka, akamrudishia: "Tayari, mama." Kesho yake hakujua hata pa kuanzia. Sasa kimefungiwa kabatini ofisini kwa mwalimu mkuu, maana anaogopa kikipotea atadaiwa yeye.

Halafu mtu ananiambia walimu wetu hawapendi teknolojia! Hilo linaniudhi kuliko yote. Dada huyohuyo, alipofundisha moyo na mzunguko wa damu, alipakua video ya dakika mbili kwa bando lake, akapita na simu yake yenye kioo kilichopasuka dawati kwa dawati, watoto wanane wanane, darasa la watoto mia na kumi na kitu. Aliirudia mara kumi na nne, na kengele ikamkuta mstari wa mwisho. Nionyesheni mwalimu wa Tampere aliyewahi kufundisha hivyo.

"Lakini wenzetu ni matajiri, darasa lao lina watoto ishirini." Kweli kabisa, sibishi. Ila sisi tuna MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Walimu wanakutana kwenye jumuiya zao za ujifunzaji palepale shuleni, bila nauli wala ukumbi. Ni mpango mzuri, na ni wetu. Shuleni kwa dada wanakutana, wanasaini daftari la mahudhurio, mratibu anaongea, wanatawanyika, na vishikwambi viko kabatini hatua tatu kutoka walipokaa. Si vitolewe? Pale shuleni yupo kijana anayejitolea, anavijua vifaa hivi kama viganja vyake. Asimame pembeni ya mama mmoja kila wiki, mikono nyuma. Mwaka ukiisha shule nzima inajua.

Jana nilimpigia dada nikamweleza yote haya. Alisikiliza, kisha akauliza: "Mdogo wangu, huyo kijana wa huko anapata wapi muda wa kutoka darasani kwake?" Nikamwambia amepunguziwa vipindi. Akanyamaza. Akasema kijana wao ana vipindi thelathini kwa wiki, na mshahara hana.

Sikuwa na la kumjibu.

"Ila ufunguo wa kabati," akasema, "huo Ijumaa nitamwomba mwalimu mkuu."