Miaka 14 au 16? Umri, jetski na kiti anachokaa mtoto

Desemba iliyopita dada yangu alikuja Mombasa kutoka Tampa, Florida, na wanawe wawili, mmoja wa miaka 15 na mwingine wa saba. Siku ya tatu tukawapeleka kuoga baharini, kwenye ufuo mmoja wa upande wa kaskazini. Jetski tano, zile pikipiki za majini, zilikuwa zimepangwa mchangani. Hata leso hatujatandika, yule mkubwa akanigeukia: "Mjomba, mimi nina kadi. Naweza kuendesha mwenyewe."

Kweli kadi anayo. Florida sheria inamruhusu mtoto wa miaka 14 kuendesha pikipiki ya majini, na yeyote aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1988 hawezi kuigusa bila kupita mafunzo ya usalama na kupewa kadi. Kukodi ni mpaka utimize miaka 18. Na mwenye chombo akimwachia kwa makusudi mtoto wa chini ya miaka 14, mwenye kosa ni yeye. Lakini vijitabu vya watengenezaji vinashauri dereva awe ametimiza miaka 16, na American Academy of Pediatrics, chama cha madaktari wa watoto huko Marekani, kilisema mwaka 2000 kwamba aliye chini ya 16 asiendeshe kabisa. Kwa hiyo mpwa wangu nyumbani kwao ana haki ya kisheria kufanya jambo ambalo daktari wake angemkataza. Hapa kwetu, yule kijana wa kukodisha hakumuuliza umri. Aliuliza tu ni dakika ngapi.

Tofauti hizi ziko dunia nzima. Ufaransa leseni ya vyombo vya starehe vyenye injini inaanzia miaka 16. Italia ni 18. California ni 16, ila mwenye miaka 12 hadi 15 anaweza kuendesha akiwa na mtu mzima ndani ya chombo. Texas wanaanzia 13, na mdogo zaidi akiwa na mkubwa wake. Uingereza haidai leseni ya kuendesha jetski baharini, ingawa tangu 2023 anayeihatarisha roho ya mtu anaweza kufungwa hadi miaka miwili.

Wanaotaka 16 wana hoja nzito, na ili kuielewa inabidi uijue mashine yenyewe. Mashua ya kawaida ina usukani nyuma, ubao unaokata maji. Jetski haina. Injini hufyonza maji kupitia tumbo la chombo na kuyatema kwa nyuma kwa nguvu, na ukikata kona unageuza ule mdomo unaotema. Sasa ukiachia mafuta, maji hayatemwi tena. Unaweza kuukata usukani wa mikononi mpaka mwisho, chombo kikateleza mbele vilevile, kuelekea palepale ulipopaogopa. Mtoto aliyekulia kwenye baiskeli akiona kitu mbele anafanya mambo mawili bila kufikiri: anapunguza mwendo na kukwepa. Juu ya jetski hayo mawili kwa pamoja ndiyo yanayomgongesha. Ili akwepe lazima aongeze mafuta, na hilo halimjii mtu kwa silika. Tangu 2009 zimetoka zenye breki, na nyingine mpya husaidia kukata kona hata mafuta yakiachiwa, lakini ziko nyingi za zamani zinazofanya kazi kila siku.

Ongeza uzito na mwendo. Jetski kubwa ya watu watatu hufika kilo mia tatu na zaidi, na zile zenye nguvu hupita kilomita 100 kwa saa. Kwenye vyombo vingine vya starehe, wengi wanaokufa wamezama. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilipozichunguza ajali za jetski mwaka 1998 iliona jambo jingine: wengi walikufa kwa kugongana au kugonga. Jaketi okozi linamsaidia aliyeanguka majini. Kifua kilichopiga nguzo ya gati halikisaidii.

Hoja ya upande wa pili siichukulii kama hoja ya wazazi wanaowadekeza watoto. Uchunguzi huohuo wa 1998 uliona kwamba zaidi ya madereva wanane kati ya kumi waliohusika na ajali hawakuwahi kufundishwa lolote kuhusu vyombo vya majini. Hao hawakuwa watoto wote. Mtu wa miaka 40 aliyeshuka kwenye ndege jana, akakodi jetski leo na kupewa maelezo ya dakika tano huku mawazo yake yako kwenye simu ya kupigia picha, ni dereva mbaya kuliko mtoto wa 14 aliyesoma, akafanya mtihani, akaendesha mwaka mzima baba yake akiwa nyuma yake. Dada yangu alinirushia hoja hiyo palepale mchangani, na sikuwa na jibu la haraka. Watoto wa kwenye maziwa na mito, alisema, huanza mapema na kujenga mazoea mema kabla ya ule umri wa kuonyeshana ubabe. Ukiwafungia mpaka 16, wataanzia palepale kwenye ubabe.

Nimelifikiria sana tangu siku hiyo, na bado nasimama na 16 kwa anayeendesha peke yake. Mtihani unapima anachokijua mtoto akiwa ametulia. Haupimi atakachofanya wenzake watatu wakimshangilia aruke wimbi la boti inayopita. Ila namba hiyo ikisimama pekee, bila mafunzo ya lazima kwa mtu mzima, inatupa utulivu wa uongo. Mimi ningemdai kadi baba kwanza.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba ubishi wote huu ni wa kiti cha dereva, na familia haikai kwenye kiti hicho peke yake. Chombo cha mwanzo cha Kawasaki, miaka ya sabini, kilikuwa cha mtu mmoja aliyesimama. Yamaha walipotoa WaveRunner ya kukalia mwaka 1986, ndipo abiria wakapata nafasi, na baada yao watoto. Abiria huyo sheria nyingi za umri hazimtaji.

Wacha nieleze nilichokiona siku ile. Baba mmoja alimpakia binti yake, miaka minne hivi, mbele yake, katikati ya mikono. Kila mtu wa hapa ameshaona mkao huo: ndivyo tunavyowabeba watoto kwenye bodaboda, juu ya tangi. Alimweka hapo kwa mapenzi, amkumbatie asianguke. Lakini wimbi la kwanza likiupiga ubapa wa mbele, mtoto anatupwa usoni kwenye usukani na uzito wa baba unamfuata kwa nyuma. Na vidole vya mtoto viko sentimita chache tu kutoka kwenye mafuta. Watengenezaji wanataka mtoto akae nyuma ya dereva, nyayo zote mbili zikanyage sakafu, mikono imshike aliye mbele. Miguu ikining'inia, bado hajafikia. Kipimo hicho nakipenda kuliko umri, kwa sababu hakihitaji cheti cha kuzaliwa.

Jaketi la binti yule lilikuwa la mtu mzima, limemfika masikioni hata kabla hajaingia majini. Ukitaka kujua kama linamfaa, lifunge buckle zote, shika mabega ya jaketi uyanyanyue. Kidevu kikizama ndani, ni kubwa.

Abiria wa nyuma kabisa naye ana hatari yake, na ni vigumu kuizungumza mbele ya watu, ndiyo maana haizungumzwi. Dereva akipiga mafuta ghafla, wa mwisho huanguka kinyumenyume, makalio yakitangulia, mbele ya ule mdomo unaotema maji. Maji yale yanaweza kuingia mwilini kwa chini na kuuchana utumbo, na kwa wanawake na wasichana viungo vya uzazi pia. Onyo limeandikwa kwenye chombo chenyewe: vaa suruali ya mpira ya wapiga mbizi au nguo nzito inayokinga sawa na hiyo. Chupi ya kuogelea haikingi kitu. Ufuoni siku ile sikuiona suruali hata moja, si kwa wateja wala kwa wenyeji.

Mpwa wangu hakuendesha. Lakini hakukatazwa na mimi. Nilikuwa bado nabishana na mama yake wakati yeye alipoizunguka ile jetski tuliyoonyeshwa, akainama, akanivuta shati. "Mjomba, tazama kamba." Kamba ya usalama, ile inayofungwa mkononi au kwenye jaketi ili injini izime dereva akianguka, ilikuwa imezungushwa kwenye usukani na kukazwa fundo. Dereva angeanguka, chombo kingeendelea na safari peke yake kuelekea walipokuwa wakioga watu. Nina miaka 51, nimekulia pwani hii, na nilikuwa nimeipita kamba ile mara mbili bila kuiona.

Akamwomba kijana wa kukodisha, kwa adabu, aifungue. Kijana akasema fundo lile limekuwapo tangu mwaka jana, ukilifungua chombo hakiwaki. Tukarudi kwenye leso zetu. Mdogo wake alilia mpaka tuliponunua mabuyu.