Maiti amsubiri nani?

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, mtu akifa usiku, asubuhi turubai limeshafungwa mbele ya parseli, yaani kiwanja cha nyumba, viti vya kukodi vimeshushwa, na akina mama wanaulizana nani ataleta makala, yaani mkaa. Kwa hayo hatugombani. Ugomvi huanza jioni, kikao cha familia kinapokaa na mtu mmoja akauliza: tunazika lini? Hawa wanasema keshokutwa. Wale wanasema baba mkubwa bado yuko Butembo, dada wa marehemu yuko Kinshasa, hatuwezi kumfukia mtu kama asiye na ndugu.

Zamani ratiba ya ndege ilisaidia kulijibu swali hilo. Mwishoni mwa Januari 2025 mji ukaingia mikononi mwa waasi wa M23, uwanja wa ndege ukafungwa, benki nazo zikafunga milango. Wa Kinshasa akaanza kupitia Kigali, kisha barabara hadi mpakani. Wa Butembo akabaki ng'ambo ya mstari wa vita. Kusubiri kwa siku mbili kukageuka juma zima. Michango nayo inapita kwenye simu, na kila anayetoa pesa anakatwa sehemu yake. Usiku mmoja wa kilio unadai fufu, sombe (kisamvu), chai na makala kwa watu ambao huwezi kuwafukuza, na morgi, chumba cha kuhifadhia maiti, inahesabu siku zake bila kumwonea mtu huruma.

Wanaotaka haraka wana hoja ambayo hakuna haja ya kuwaeleza watu wa Goma. Katika mapigano yale ya Januari umeme ulikatika, morgi zikafurika, na Februari watu wengi wakazikwa kwa mfululizo kwenye makaburi ya ITIG. Tena jirani zetu Waislamu, bila vita yoyote, hujitahidi kuzika siku ileile au kesho yake. Sijasikia mtu akisema hawawapendi wafu wao.

Mimi nilikuwa upande huo bila kusita. Kilichonitikisa ni kuikumbuka Ebola. Mlipuko uliotangazwa Agosti 1, 2018 uliua watu 2,287 mashariki mwa nchi, wengi wao Kivu Kaskazini na Ituri, kabla ya kutangazwa kwisha Juni 25, 2020. Maiti wa Ebola anaambukiza vikali, kwa hiyo kazi ya kuzika ilichukuliwa na timu zilizovaa mavazi ya kinga. Kitabibu walikuwa sahihi kabisa. Lakini familia iliyoonyeshwa sanduku lililofungwa ilisema ndani mna mawe, au kwamba viungo vimeibwa, na timu zikashambuliwa. Mambo yalianza kulainika pale ndugu waliporuhusiwa kusimama karibu, kusali, na kuutazama uso kupitia mfuko wenye sehemu ya kuona ndani. Corona ilipoingia, hatua za serikali za Machi 18, 2020 zikakataza vilio majumbani na kumbini: maiti atoke morgi moja kwa moja hadi kaburini, na wasindikizaji wachache. Virusi vingine, lakini kidonda kilikuwa kilekile.

Kumbe yule baba mkubwa anayesubiriwa hasubiriwi kwa heshima tu. Anasubiriwa kwa ajili ya jicho lake. Asipomwona ndugu yake, kesho ataanza kuuliza alikufa na nini, nani alimpa chakula cha mwisho, hati ya parseli iko wapi. Na nani atakayejibu? Mjane. Mara nyingi siku tatu za kusubiri zinamkinga yeye kuliko mtu mwingine yeyote pale kilioni.

Ila siku hizohizo zinaweza kumgeukia mfiwa. Mwanamke amefariki, mume hakumaliza mahari. Wakwe wanaona maiti bado yuko morgi, basi wanadai deni lote, na hadi lilipwe hakuna kaburi. Hapo kusubiri ni rehani, wala tusikupambe kwa jina la mila. Nimeona pia familia ikisubiri mtu ambaye alipofika aliuliza kwanza kama kuna bia.

Kwa hiyo mimi ningehesabu macho. Katika kila familia kuna watu wawili au watatu ambao wasipoona, neno halitaisha. Wao wasubiriwe, kwa tarehe inayotajwa usiku wa kwanza na isiyosogezwa. Wengine wote watakuwa na siku ya kumaliza kilio, ambayo tuliwekewa na wazee kwa kazi hiyohiyo, na ambayo tumeigeuza kuwa karamu ya pili. Simu ya video? Inasaidia kulia pamoja, sina ubishi, lakini sijui kama inamridhisha mwenye shaka. Mtandao ukikatika wakati sanduku linafungwa, shaka inaongezeka.

Na wenye haraka nao wasisahau ardhi yetu. Hapa si udongo laini wa Beni. Sehemu nyingi za Goma ukipiga jembe linarudi, chini ni lava ya volkano ya Nyiragongo, na kaburi linachongwa kwa nyundo na mtaimbo, vijana wakipokezana. Kikao kinaweza kuamua saa nne usiku kwamba tunazika kesho asubuhi, kisha msafara ukafika na kukuta shimo linafika magotini. Wachimbaji waambiwe usiku uleule wa kwanza, kabla hata hamjajua baba mkubwa amelala wapi.