Nyongo, sabuni na mirija ya kaboni

Ukitaja kaboni Ruangwa, mkoani Lindi, siku hizi, watu wanafikiria kinywe, yaani grafiti, madini ya kaboni. Ndiyo maana kijana mmoja wa Lindi aliniuliza kama ile mirija myembamba ya kaboni inayosifiwa kwenye elektroniki itapandisha bei ya udongo wa kwao.

Mrija wenyewe ni utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja, umeviringishwa hadi upana wa nanomita 1 hivi. Chukua mkeka wa ukili. Ukiukunja sawasawa, mishono inanyooka. Ukiukunja kimshazari, inazunguka kama nyuzi za skrubu. Kwenye mrija, mshazari huo ukishirikiana na upana ndio unaoamua kama utapitisha umeme kama waya au utakuwa nusu-kipitishi, yaani wa kutengenezea transista, swichi ndogo za umeme. Kwa kawaida theluthi moja hivi hutoka waya. Waya mmoja tu ukiunganisha ncha mbili za transista, haizimiki, kwa hiyo lazima aina hizo zitenganishwe.

Mwaka 2006 Michael Arnold, Mark Hersam na wenzao wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, ili kuitenganisha mirija hiyo, walichanganya kemikali ya jamii ya sabuni na chumvi ya nyongo, ileile inayoyeyusha mafuta tumboni. Hizo hujishika tofauti kwa kila aina ya mrija, uzito unapishana kidogo, na mashine ya kuzungusha kwa kasi inaipanga kwa tabaka. Ni kama kuchagua mbegu ya mpunga kwa maji ya chumvi: pepe juu, nzito chini.

Wapinzani wa njia hii wana hoja. Mawimbi ya sauti ya kuiachanisha kwanza mirija iliyoshikamana huikata, mashine inatoa kidogo, na sabuni hung'ang'ania hata baada ya kuosha. Wanasifu polima, molekuli ndefu kama za plastiki, zilizoanza kutumika 2007, ambazo ndani ya kiyeyushi cha toluini huchagua nusu-kipitishi karibu peke yake. Sawa, ila polima nayo kuibandua ni kazi, pengine kubwa zaidi. Na tangu 2013 kuna njia ya maji ya tabaka mbili zisizochanganyika, ambamo mirija hugawanyika kati ya tabaka hizo, bado kwa sabuni na nyongo, isiyohitaji mashine ile ya kasi. Kwa anayetaka aina moja kamili ya mrija, siyo nusu-kipitishi chochote tu, mimi bado ningeanza na nyongo.

Na kinywe? Mirija mingi leo huoteshwa kutokana na gesi kama methani juu ya chembe za metali. Nilimwambia kijana kwamba kwa hilo, gesi asilia ya Mnazi Bay, kule Mtwara, inahusika zaidi kuliko udongo wa Ruangwa. Hakufurahi.