Fyuzi Ikae Karibu na Betri

Nikiwa njiani kutoka Tabora kwenda Urambo, nilisikia harufu ya plastiki inayoungua, nikasimamisha gari na kufungua boneti kwa haraka. Waya wa spotilaiti nilizofungiwa wiki chache kabla ulikuwa umesuguana na ukingo wa bati hadi ganda lake likatoboka, shaba ikagusa bodi, na kwa kuwa bodi ya gari ndiyo njia ya hasi, umeme wa betri ukapita humo bila kizuizi. Fyuzi ilikuwepo, tena mpya. Fundi alikuwa ameiweka mbele, jirani na taa zenyewe, na shoti ilitokea kati ya fyuzi hiyo na betri, kwa hiyo umeme haukuipitia ili ikatike.

Tangu siku hiyo nimeshikilia msimamo ambao baadhi ya mafundi wetu wa chini ya miembe hawaupendi: kifaa chochote cha kuongeza, kiwe redio, kamera au king'ora, kikiungwa moja kwa moja kwenye betri, waya wake wa chanya uwe na fyuzi sentimita chache tu kutoka kwenye betri hiyo. Wengi hudhani kwamba fyuzi ni mlinzi wa redio, ilhali kazi yake ya kwanza ni kulinda waya. Betri ya volti 12, ambayo mtu huishika kwa mikono mitupu asirushwe, ikipigwa shoti inaweza kutoa mamia ya ampea, na waya mwembamba huwa mwekundu kama koili ya jiko, huku umezungukwa na plastiki na mazulia.

Hesabu yake si ngumu. Taa mbili za wati 55 ni wati 110. Ukigawanya kwa 12 unapata ampea 9 na ushei, kwa hiyo fyuzi ya 15, ile ya buluu, inafaa, mradi waya uwe mnene wa kuhimili zaidi ya hizo 15. Kuweka ya 30 kwa waya uleule ili "isisumbue" ni sawa na kutoiweka fyuzi kabisa, na kuizungushia fyuzi iliyokatika karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara ni kuukaribisha moto.

Fundi wangu hatimaye aliihamisha fyuzi, akinung'unika kwamba ninampotezea muda, kisha akanidai ufundi kwa mara ya pili.