Ulimi wa Shubiri Moja: Wauzbeki Wanapima Maneno au Cheo?

Mtoto wa Kiuzbeki akimjibu baba yake kwa jeuri, au mke wa kijana akibishana na mama mkwe, ataambiwa *tiling bir qarich bo‘libdi*: ulimi wako umefika shubiri nzima. *Qarich* ni shubiri ileile tuijuayo, kuanzia ncha ya kidole gumba hadi ya kidole cha mwisho mkono ukiwa umetanuliwa, sentimita 20 hivi. Wanaoutetea msemo huu husema unalinda adabu, wanaoupinga husema unafunga watu midomo, na kila upande una lake la kweli. Ila wote wawili huupa kazi isiyo yake. Msemo huu haujali maneno yamekuwa mengi kiasi gani. Unachojali ni nani kamjibu nani.

Kwa wingi wa maneno Kiuzbeki kina akiba nyingine, tena kubwa. *Sergap* ni mtu wa gumzo, na hana kosa lolote. *Ezma* ni yule anayelizungusha jambo moja mpaka wenzake wanaanza kutazama mlango. *Mahmadona* ni mjuaji wa kila kitu. *Og‘zi bo‘sh*, mwenye mdomo uliolegea, hawezi kutunza siri, na *og‘zi shaloq* ni mtukanaji. Ipo na methali, *ko‘p gap – eshakka yuk*, maneno mengi ni mzigo wa kumbebesha punda. Hiyo inamfaa ezma. Mwenye ulimi wa shubiri anaweza kuwa ametoa maneno matatu tangu asubuhi. “Kwa nini mimi?” yanatosha kabisa, mradi aliyeulizwa ni mkubwa wake.

Hapo ndipo wageni wanaojifunza lugha huteleza. Mtu anamsikia rafiki akipiga soga, anamtupia *tiling bir qarich* kwa utani, kumbe kamwita mfidhuli. Na kiambishi nacho kina uzito wake. *Tili*, ulimi wake, ni sifa ya kumteta mtu asiyekuwepo; *tiling*, ulimi wako, ni kofi la uso kwa uso. Kofi hilo hushuka tu, kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Mdogo akilirusha juu, basi amejitolea ushahidi mwenyewe.

Tuanze na watetezi. Nyumba ya jadi ya Kiuzbeki, *hovli*, ni vyumba vilivyouzunguka ua mmoja, na kwa desturi mwana wa mwisho hubaki humo na mkewe na wazazi wake. Familia nyingi huwafunza watoto kuwaita baba na mama *siz*, yaani wewe ya heshima, si *sen*. Ugomvi ukizuka ndani ya ua kama huo hauna pa kwenda. Jioni wote watakaa kwenye *dasturxon* moja, kitambaa cha chakula, huku mke wa mwana, *kelin*, akimimina chai kidogokidogo kwenye vibakuli. Karipio la mapema, kabla sauti hazijapanda, lina faida yake. Linagusa namna ya kusema tu, bila kugusa ukoo wa mtu wala malezi ya mama yake.

Halafu kuna hoja ambayo watetezi wenyewe huisahau, nami naiona ndiyo nzito kuliko zote: adabu hiyo humbana na mkubwa pia. Mama mkwe mwenye busara hamkemei kelin waziwazi. Humwambia binti yake wa kuzaa, kelin akiwa anasikia, na njia hiyo ina methali yake: *qizim, senga aytaman, kelinim, sen eshit*, binti yangu nakwambia wewe, mke wa mwanangu sikia wewe. Watu wa pwani waliokulia kwenye mafumbo ya kanga hawahitaji kuelezwa hilo.

Lakini tazama njia hiyo ya kuzunguka imefunguliwa kwa nani. Mama mkwe ana binti wa kusemea. Kelin hana mtu. Akizungusha ataambiwa anasengenya, akinyoosha ataambiwa ulimi umerefuka. Kiuzbeki hakina jinsia ya kisarufi, kwa hiyo msemo wenyewe haumtaji mwanamke, lakini kelin anaishi mahali ambapo karibu kila mtu anayejibizana naye ni mkubwa wake kwa cheo.

Madhara yake yanaonekana vizuri zaidi kwenye sheria. Mwaka 2019 Uzbekistan ilipitisha sheria ya kuwalinda wanawake dhidi ya unyanyasaji na ukatili, pamoja na hati ya ulinzi inayotolewa na polisi. Mwaka 2023 ukatili wa nyumbani ukawa kosa la jinai linalojitegemea. Hati hiyo inahitaji mtu aseme, au mwingine aseme kwa niaba yake, na mara nyingi habari hupitia kwanza kwa wazee wa *mahalla*, mtaa, ambao kazi yao ya jadi ni kupatanisha. Mwanamke aliyekwisha kubandikwa jina la ulimi mrefu hufika hapo kesi yake ikiwa nusu imeshaamuliwa.

Cha ajabu, lugha hiyohiyo inamtetea. *Tili qisiq*, mwenye ulimi uliobanwa, ni mtu mwenye kosa au deni linalomzuia kusema. Kwa hiyo ufupi wa ulimi nao unatiliwa shaka. Na anayeulizwa akakaa kimya husimangwa kwamba ametia *tolqon* mdomoni, unga wa nafaka iliyokaangwa. Ukiujaza mdomoni mkavu hivyo, hata “ndiyo” haitoki. Yusuf Xos Hojib, mshairi wa Kituruki wa karne ya 11 aliyemaliza utenzi wake wa mawaidha, *Qutadg‘u bilig*, mnamo 1069, aliutengea ulimi sura nzima, na humo aliweka faida zake pamoja na madhara yake. Karipio la shubiri limechukua nusu moja tu.

Mimi nisingeufuta msemo huu, ningeupunguzia kazi. Kipimo chake ni chepesi: chukua sentensi ileile, itie mdomoni mwa baba au mama mkwe. Ikiwa bado inachoma, kosa lilikuwa kwenye maneno, na mkosaji atajiwe neno hasa: umesema *sen* badala ya *siz*, au umepaza sauti mbele ya mgeni. Ikiwa haichomi tena, aliyekaripia alikuwa analinda kiti chake, na swali aliloulizwa bado linasubiri jibu.