Mpwa anamaliza JKT Nachingwea, mimi ndo nimekwisha

Jamani nisikilizeni nyie, maana nyumbani hakuna anayenisikiliza tena.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa, kamaliza fom siksi mwezi wa tano, wa sita akaitwa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria, miezi mitatu. Sa majina yalipokuwa yanatoka mimi kimoyomoyo naomba apangiwe mbali. Sio kwa ubaya. Kuna mwenzake hapa mtaani kapelekwa Bulombora, Kigoma, mwingine Rwamkoma kule Mara, wazazi wao wametulia zao barazani wanasema "tutaona picha, nauli ya Kigoma mchezo?" na kila mtu anawaelewa, hata imamu anawaelewa. Wetu sisi kaangukia kambi ya 843 KJ. Nachingwea! Hapo hapo Nachingwea, ukitoka Mtwara alfajiri asubuhi ushafika unatafuta chai. Mtoto akiwa karibu hivyo unaanzaje kusema huwezi kwenda?

Na huku kwetu kusini mjomba ni cheo, tena kisicho na mshahara. Mtoto akichezwa unyago, mjomba. Akiposwa, mjomba. Akifeli, "mjomba wake hakukaa nae". Baba yake mzazi yupo, mzima wa afya, yumo kwenye grupu la WhatsApp, kazi yake kutuma vile vikono vya njano vya makofi. Mchango wake mpaka leo ni makofi sitini na kitu, nimehesabu.

Tena mi nilishaumia tangu siku ya kuripoti. Ile orodha ya vifaa mmewahi kuisoma? Bukta ya bluu iliyokoza, yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, iishie magotini. Tisheti ya kijani. Soksi ndefu nyeusi. Shuka mbili za bluu bahari. Raba za kijani au za bluu. Nimeizunguka Mtwara mjini siku nzima natafuta raba ya kijani namba thelathini na saba, sokoni hakuna, Magomeni kwa watu wa mitumba kuna nyeupe, kuna pinki, kuna zinazowaka taa kisiginoni, kijani hakuna, jamaa mmoja ananiambia mzee chukua hii nyeupe ikifika kule kwenye vumbi itabadilika yenyewe. Itabadilika iwe nyekundu bwana, nani kakwambia vumbi la Nachingwea ni la kijani? Nikaipata jioni, moja ya kulia imefifia zaidi ya mwenzie, nikalipa. Shuka nazo, nimepeleka dada anasema hii sio bluu bahari hii ni bluu tu, nikamwambia basi twende Shangani ufukweni tukaifananishe na bahari yenyewe, tukaenda kweli, na siku hiyo bahari ilikuwa kijivu.

Basi, wiki tatu nyuma simu ikaingia, namba ngeni. "Mjomba shikamoo." Sauti imekauka kama ya kondakta. Nikasema marahaba, nani mwenzangu? Kumbe yeye, kaazima simu, anasema haraka haraka kama anakimbizwa, tarehe fulani tunafunga mafunzo, njooni mjomba, mkija mniletee chipsi mayai, ikakata. Nikamwambia dada, sawa, tutaenda, mimi na wewe, tunapanda basi mpaka Masasi tunaunga, jioni yake tunageuza.

Mimi na wewe! Nilipoamka kesho yake kuna grupu linaitwa KUFUNGA MAFUNZO NACHI, watu arobaini na moja, nusu yao siwajui, kuna mmoja yupo Tunduru anauliza bibi harusi ni nani. Kuna mhasibu, kuna katibu, kuna kamati ya chakula na kamati ya usafiri. Mwenyekiti mjomba. Kikao hicho mi sikuwepo, nilikuwa shamba napuliza.

Na hapo ndo penyewe, mwenye mikorosho atanielewa. Miezi hii hela yetu yote iko juu ya mti. Salfa, ile dawa ya mikorosho, nimepuliza, vibarua wa palizi nimelipa, na korosho zenyewe ndo kwanza maua na vile vidogo sawa na kifungo cha shati, minada mpaka Oktoba, na ukishauza unakaa unasubiri malipo yapite chama cha msingi cha ushirika yaje. Jeshi wangenisikiliza mimi wangefunga mafunzo Novemba, mbona ningekodi hata helikopta. Lakini mwisho wa mwezi wa nane, ndugu zangu? Mchango elfu ishirini kila kichwa, mwenyekiti elfu hamsini "kuonyesha mfano". Mwenye duka pale kona akiniona natokea siku hizi anaanza kupanga panga vitu kwenye shelfu ili asinitazame.

Hela ya Kosta ndo ilipatikana kwa mbinde. Kimbembe njia. Kuna wanaosema tupite Mingoyo, Mtama, Ndanda, Masasi ndo tukatize Nachingwea, kuna wanaosema hapana, tukifika Nanganga tukunje kulia tupite Ruangwa. Na kwenye lami ndo usiseme, huyu anakwambia lami imeshafika, yule anasema nimepita juzi nimetoka mwekundu mpaka kope, mwingine anapima kilomita kwa kukumbuka alilala usingizi wapi. Wamebishana siku nne, sauti za dakika saba saba, dereva mwenyewe yumo humo humo kwenye grupu, hajaulizwa.

Halafu babu. Babu yetu hasikii vizuri ila Nachingwea kaisikia. Akakaa kwenye mkeka akasema Kosta ya nini, sisi tulikuwa na treni. Na hadanganyi, ilikuwepo, Waingereza walikuja na ule mradi wao wa karanga mwaka 1947, wakajenga bandari hapa Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea kubebea karanga, karanga zikagoma kuota kama walivyopanga, mradi ukafa hata miaka mitano haikufika, na reli nayo miaka ya sitini mwanzoni ikang'olewa. Babu anaisimulia kama vile imeng'olewa Jumatatu iliyopita na mi ndo nimeibeba. Akitoka kwenye treni anaingia FRELIMO, jinsi wapiganaji wa Msumbiji walivyokuwa wanafanya mazoezi Nachingwea, jinsi Samora Machel alivyokuwa pale, na kwa hiyo, sikilizeni hii kwa hiyo, yeye lazima apewe dakika tano za kusalimia wananchi. Babu, pale kuna mgeni rasmi, kuna ratiba, kuna gwaride. Akasema hata dakika mbili. Kamati imemwekea siti ya mbele na imenipa mimi kazi ya kumshika mkono muda wote asilifikie jukwaa.

Tukaja kwenye sare. Mi nilijua sare anavaa anayehitimu. Dada akasema familia nzima kitenge kimoja ili mtoto akitutupia jicho atuone, kitenge chenyewe kina picha za kanga, namaanisha yule ndege. Elfu kumi na nane, kushona juu yako. Nikapeleka kwa fundi wangu wa barazani, wiki mbili kila nikipita "mjomba yako ndo iko mezani", ukiangalia mezani kuna vitambaa vya kijiji kizima. Juzi nimeikuta kweli. Fundi alivyokata, kichwa cha ndege kimeangukia mfukoni kifuani na miguu ya ndege imeangukia mgongoni, yaani ukiniona ni kama ndege kanipitia katikati. Na mkono wa kulia mfupi, wa kushoto mrefu. Kumuuliza, ananiambia "huo wa kulia ukipiga saluti unakaa sawa". Nampigia nani saluti mimi raia? Nikalipa, niseme nini.

Mama watoto nae kasema kitenge peke yake hakitoshi, kichwa je, anataka kusuka. Nikamwambia mke wangu, huyo mhitimu mwenyewe kanyolewa kipara halafu anayeenda kupiga makofi ndo asuke? Hakunijibu. Akaenda kusuka. Kwa mkopo, na mkopo kaandikisha jina langu.

Kijana wangu mkubwa ndo alitaka kutupeleka pabaya, kaja na kofia ya mabaka mabaka ya kijeshi, kanunua mnadani, anasema ndo atavaa siku hiyo apendeze na dada yake. Nikamvua papo hapo. We mtoto, nguo za jeshi raia havai, hata mtaani tu havai, sasa wewe unaivaa na kuipeleka mwenyewe mpaka getini kwao? Si watatukuta tumeenda arobaini na moja tumerudi arobaini. Kanuna mpaka leo.

Na wananiuliza eti mjomba we mbona hukupita JKT. Mi nimemaliza fom siksi 2001, wakati huo mujibu wa sheria ilikuwa imesimamishwa tangu 1994, imerudi 2013 nikiwa na kitambi na watoto wawili. Ningeenda vipi? Nilivyosema hivyo mama watoto akacheka kicheko kirefu, akasema we mchakamchaka ungeishia getini. Sawa.

Ila linaloninyima usingizi hasa ni jambo moja. Tutamjuaje? Pale wanasimama vijana mamia, kombati moja, kofia moja, vichwa vyote vimenyolewa, jua limewachoma rangi moja. Binti alipopiga tena simu nikamuuliza, akasema "gadi namba tatu, mstari wa mbele, wa nne kutoka kulia", ikakata. Kulia kwake au kwetu? Grupu likawaka usiku kucha. Dada akasema acheni ujinga, mwanangu nitamjua kwa mwendo. Dada yangu, hiyo ndo kwata, miezi mitatu wanafundishwa watembee kama mtu mmoja, sasa wewe utamjua nani kwa mwendo? Akaanza kulia, nikawa mi ndo mbaya. Kwa hiyo kamati imeamua tupige vigelegele kila inapopita gadi yoyote, atakayecheka ndo wetu.

Chakula nisiseme sana. Pilau ndoo mbili, kuku watano, ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, imechemshwa ya kutosha kijiji, korosho za kukaanga, maandazi ya njiani, na bado mtoto wa watu kaomba chipsi mayai. Chipsi za kukaangwa Mtwara saa tisa usiku zikafike Nachingwea asubuhi ndani ya hotpoti, na zikae mpaka gwaride liishe na mgeni rasmi amalize hotuba, zitakuwa zimegeuka nini? Nikasema tutanunua huko huko mjini. Dada akasema hapana, yeye kazoea za yule kaka wa hapa kona. Basi nimeongea na kaka wa kona, amekubali kuamka saa tisa, anataka elfu tano ya usingizi. Nimetoa. Mtoto anakula ugali maharage miezi mitatu, kaomba kitu kimoja, sa nikatae vipi?

Bado viatu. Nina pea moja tu ya ngozi, nyeusi, nimezikia watu na kuozeshea watu, na mwaka huu kiatu cha kushoto kimeanza kucheka. Jana nimempelekea fundi viatu pale stendi, kakishika, kakichungulia mdomoni kama daktari wa meno, kapaka gundi, kaweka jiwe juu, kaniambia mzee hii gundi unaenda nayo Nachingwea unarudi nayo na mwakani unaenda nayo tena. Kushona akataka elfu nne, nikasema gundi inatosha.

Sasa hivi ni saa nne usiku. Kosta inaondoka saa kumi. Ndoo ziko sebuleni, babu kashavaa na kofia yake amekaa kwenye kiti anasubiri treni, mama watoto kalala kakaa ili asiharibu nywele. Mi nikasema ngoja nijaribu kila kitu mwilini nione. Nikavaa shati la ndege, suruali, viatu, nikasimama mbele ya kioo, na nyie mnaweza kucheka lakini nilijiona mtu wa maana, mjomba wa askari. Mwanangu wa mwisho, ana miaka sita, katoka chumbani na kijiti kwapani, kabana sauti, "Mguuuu sawa!" Nikabana miguu. "Nyumaaaa geuka!" Na mi nikageuka, kwa nguvu, kijeshi kabisa.

Mguu umegeuka. Soli imebaki inaangalia mbele.